Mwalimu Anayebaki Uwanjani: Tafakari juu ya Mpira wa Wavu katika Shule za Masasi na Newala

Nchi yetu inajiandaa kuwa mwenyeji wa fainali za mpira wa miguu za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, pamoja na Kenya na Uganda. Mazungumzo ya michezo yametawaliwa na viwanja vikubwa, kandarasi na majina ya wachezaji wanaolipwa fedha nyingi. Wakati huohuo, jioni baada ya vipindi, katika uwanja wa mchanga wa shule ya sekondari huku Masasi au kule juu Newala, mwalimu mmoja anafunga wavu kwenye nguzo mbili za miti na kuwaita wanafunzi kumi na wawili waje kufanya mazoezi. Mwalimu huyo hapati posho, na si ajabu mpira anaoutumia ameununua mwenyewe. Kesho saa moja asubuhi atakuwa darasani akifundisha Jiografia au Hisabati.

Tunaandika tafakari hii kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya waamini wanaoishi jirani naye bila kumwona. Tunataka kuuliza swali moja: kocha wa shule anayefanikiwa ni mtu wa namna gani, na kwa nini mafanikio yake katika eneo letu mara nyingi hayadumu? Jibu letu tunaliweka wazi tangu mwanzo. Vipaji tunavyo, na mchanga wa kuchezea tunao tele. Tunachokosa ni watu wazima wanaokaa na vijana kwa muda mrefu, na jumuiya inayowasaidia watu hao kukaa.

Mchezo usiomruhusu mtu kuushika mpira

Mpira wa wavu ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, kiongozi wa mazoezi ya mwili katika chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, katika mji wa Holyoke, Massachusetts, Marekani. Aliutafutia watu mchezo usio na kugongana wala kuangushana, unaoweza kuchezwa na wenye umri tofauti mahali padogo. Mwaka 1964, huko Tokyo, uliingia katika Michezo ya Olimpiki. Leo uwanja wake ni mita 18 kwa 9. Wavu una urefu wa mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Kila upande una wachezaji sita.

Kwa shule zetu huu ni mchezo wa gharama ndogo. Mpira mmoja na wavu mmoja hutosha kwa timu mbili, na mchanga wa tambarare ya Makonde humpokea kwa huruma kijana anayejirusha chini kuuokoa mpira. Hata hivyo thamani yake kubwa kwa mlezi imo katika sheria zake. Mchezaji haruhusiwi kuushika mpira na kukaa nao. Haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, isipokuwa pale mguso wa kwanza ulipokuwa wa kuzuia kwenye wavu. Timu inayo miguso mitatu tu kabla ya kuurudisha ng'ambo, hivyo mtu mmoja hawezi kucheza peke yake hata awe hodari namna gani. Tena, kila timu inapojishindia haki ya kuanzisha mpira, wachezaji wote huzunguka nafasi moja. Aliyekuwa mbele akishangiliwa kwa mapigo yake atarudi nyuma apokee mipira migumu, na aliyekuwa nyuma atakuja mbele. Tangu mwaka 1998 sheria za kimataifa zimempa nafasi rasmi pia mlinzi anayevaa jezi ya rangi tofauti, ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa. Hivyo hata kijana mfupi, ambaye mikono yake haifiki juu ya wavu, ana mahali pake.

Mwalimu mwenye macho ya kiroho huona hapa darasa zima la maadili. Mtume Paulo, katika Waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, anafundisha kwamba mwili ni mmoja na viungo ni vingi, wala jicho haliwezi kuukana mkono. Kijana aliyezoea kupokea mpira mbaya na kumwinulia mwenzake mpira mzuri ameanza kulielewa fundisho hilo kabla ya kulisoma. Naye anayepiga pigo la mwisho na kushangiliwa anajua kuwa watu wawili wameugusa mpira kabla yake.

Mfano kutoka Iten

Kazi ya mwalimu wa michezo wa shule haiandikwi sana. Vikombe huandikwa jina la shule, na mwalimu husahaulika. Lakini wapo wachache ambao maisha yao yamejulikana, na aliye karibu nasi kwa imani na kwa jirani ya nchi ni Bruda Colm O'Connell wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, mzaliwa wa Ireland. Alifika Kenya mwaka 1976 kufundisha Jiografia katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick, Iten, shule ya wavulana iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Alikusudia kukaa miezi mitatu. Amekaa zaidi ya miaka 40.

Jina lake limetangazwa na mbio, ingawa shule hiyohiyo ilijijengea sifa pia katika mpira wa wavu. Tunamchukua kama mfano kwa sababu njia aliyopita ndiyo njia ya kocha yeyote wa shule. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alimkuta Peter Foster, mwalimu kutoka Uingereza, akifundisha wakimbiaji, akaanza kumsaidia, na Foster alipoondoka kazi ikamwangukia. Amekiri mara nyingi kwamba waliomfundisha ni wanafunzi wenyewe: alikaa, akawatazama, akawasikiliza, akapunguza mazoezi pale alipoona wamechoka na kuongeza pale alipoona wako tayari.

Matunda yake yanajulikana duniani. Ibrahim Hussein, aliyepita katika shule hiyo, mwaka 1987 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio za marathoni za New York. Peter Rono alitwaa medali ya dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Matthew Birir alishinda mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3000 huko Barcelona mwaka 1992. David Rudisha, aliyelelewa na Bruda Colm tangu ujana, alishinda mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, akiwa mtu wa kwanza kukimbia chini ya dakika 1 na sekunde 41. Mwaka 1989 Bruda alianza kambi za mazoezi wakati wa likizo, na humo wasichana nao wakapata nafasi katika miaka ambayo wazazi wengi hawakutaka kusikia habari ya binti anayekimbia.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo tusidhani kwamba siri ya Iten ilikuja katika sanduku la Mzungu. Mwinuko wa nchi ulikuwepo, vijana walikuwepo, na umbali wa kutembea kwenda shule ulikuwepo. Kilichoongezeka ni mtu mzima mmoja aliyebaki pale mwaka baada ya mwaka, akiwajua vijana kwa majina, akijua nani amefiwa, nani hajalipa ada, nani anajidai na nani anajidharau. Katika shule hiyo imekuwa desturi kupanda miti kwa heshima ya wahitimu waliotwaa ubingwa. Sisi wa nchi ya korosho tunaielewa vema lugha ya mti. Mkorosho hauanzi kuzaa kabla ya mwaka wa tatu hivi, na anayeung'oa kila mwaka ili kuupanda upya mahali pengine hatavuna kamwe.

Mfano wa pili, mfupi, unatoka katika mpira wa wavu wenyewe. Katika Kaunti ya Machakos, Kenya, iko shule ya Kwanthanze, ambayo timu yake ya wasichana chini ya kocha Justin Kigwari imetwaa ubingwa wa shule za sekondari za Kenya na wa Afrika Mashariki. Haiko Nairobi wala Mombasa. Timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, iliyocheza Olimpiki za Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo na Paris 2024, imejengwa juu ya msingi wa shule za namna hiyo. Taifa halikuanza na timu ya taifa. Lilianza na walimu wa jioni.

Kwa nini timu zetu hufa

Tuitazame sasa nyumba yetu. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe. Newala iko juu ya tambarare ya Makonde, ukingoni, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Zote mbili zina vijana wengi, shule za sekondari za kata katika maeneo mengi, na shule za zamani zenye majina makubwa kama Ndanda, Chidya na Masasi Wasichana. Mwaka 2021 mkoa wetu wa Mtwara ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Watoto wa mikoa yote walikuja kucheza kwetu. Tulishangilia, tukafunga viwanja, wageni wakaondoka. Tujiulize ni timu ngapi za wavu zilizoundwa katika shule zetu kwa sababu ya mashindano yale na bado zipo.

Sababu ya kwanza ya kufa kwa timu ni kwamba mara nyingi timu ni mwalimu. Anapofika mwalimu anayeupenda mchezo, wavu hufungwa. Anapohamishwa, wavu hufunguliwa na kuwekwa stoo, na panya humaliza kazi. Hakuna daftari la majina wala ratiba ya mazoezi iliyoachwa, na hakuna mwalimu wa pili aliyeandaliwa. Mwalimu anayekuja huanza upya, kama anaanza.

Sababu ya pili ni kumbukumbu ya nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa, kwa hoja kwamba yanawapotezea wanafunzi muda wa masomo. Yalirudishwa baadaye, lakini hoja ile haikuondoka mioyoni mwa wazazi na baadhi ya wakuu wa shule. Mpaka leo mtoto akifeli, mpira ndio wa kwanza kushtakiwa. Akifaulu, hakuna anayeushukuru.

Sababu ya tatu inawahusu wasichana zaidi. Binti wa Newala akitoka shule ana kazi ya maji, na kila mwenyeji wa tambarare anajua maana ya maji katika nchi ambayo mvua huzama mchangani na chemchemi ziko mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu miaka ya 1950, na bado ndoo haijatoka kichwani mwa binti. Ana kazi ya jikoni na ya wadogo zake. Msimu wa korosho ukifika, ana kazi ya kuokota. Kaka yake anapewa saa moja ya kucheza bila swali, naye binti anaulizwa anakwenda wapi, na nani, na amevaa nini.

Katika hili la mavazi tunapenda kusema neno kwa upole. Timu za Newala na Masasi ni za Waislamu na Wakristo pamoja, na hiyo ni neema. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza mpira wa wavu wa ufukweni akiwa amefunika kichwa na mwili wake, na dunia ikamtazama. Basi kocha asimlazimishe binti kuchagua kati ya heshima ya nyumbani kwao na nafasi katika timu. Suruali ndefu na kilemba havijawahi kuuzuia mpira kuvuka wavu.

Kufundwa ni kazi ya wengi

Wazee wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao walijua kwamba mtoto hafundwi na wazazi wake peke yao. Ndiyo maana kulikuwa na jando na unyago, kukawa na kungwi na somo, watu wazima waliopewa mamlaka na jamii ya kumwambia kijana mambo ambayo mzazi huona haya kuyasema. Kanisa katika nchi hii limekuwa na mazungumzo marefu na mila hizo. Limepokea yaliyo mema, na limeyapinga yanayowaingiza watoto mapema katika mambo ya watu wazima na kuwaondoa shuleni. Lakini hitaji lililozaa mila hizo halijafa. Kijana wa miaka 15 bado anamtafuta mtu mzima asiye baba wala mama yake amwoneshe namna ya kuwa mtu. Asipompata uwanjani au parokiani, atampata kwenye simu au kijiweni.

Hapo ndipo kocha wa shule anaposimama. Anawafunda vijana kwa nidhamu ya saa, kwa kusubiri zamu, kwa kukubali uamuzi wa mwamuzi hata unapouma. Anawafundisha kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Baba Mtakatifu Fransisko, alipokutana na wanamichezo wa Italia katika Uwanja wa Mtakatifu Petro tarehe 7 Juni 2014, alizitaja njia tatu muhimu kwa vijana: elimu, michezo na ajira. Mwaka 2018, Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha lilitoa hati nzima juu ya mtazamo wa Kikristo kuhusu michezo. Na katika Jubilei ya Wanamichezo, Dominika ya Utatu Mtakatifu, tarehe 15 Juni 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV alifundisha kwamba michezo huwasaidia watu kushirikiana katika dunia ya upweke, huwarudisha katika mambo halisi wakati wengi wamezama katika vioo vya mitandao, na huwafundisha kushindwa katika jamii inayodhani kwamba wenye nguvu tu ndio wanaostahili kuishi.

Fundisho hili la mwisho linatugusa sana. Shule zetu zimejaa vijana wanaodhani wameshindwa kabisa kwa sababu ya karatasi moja ya matokeo. Msichana aliyepata mimba na kuacha masomo, ambaye kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ana nafasi ya kurudi, mara nyingi harudi kwa sababu ya aibu. Timu inaweza kuwa mlango wake wa kurudia. Aliyezoea kupoteza seti ya kwanza na kucheza ya pili ana sababu ya kuamini kwamba maisha nayo yana seti ya pili. Hatusemi kuwa mpira unaokoa. Anayeokoa ni Kristo. Tunasema kwamba yeye hupenda kupitia mikono ya watu wa kawaida, hata ile iliyojaa mchanga.

Shule si zetu, walimu ni wetu

Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la serikali. Tukumbuke historia. Wamisionari Wabenediktini walifungua misioni ya Ndanda mwaka 1906, na shule zikakua pamoja na misioni. Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, Rais wa Awamu ya Tatu, alipita Ndanda akiwa kijana. Baada ya Uhuru, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za madhehebu zilichukuliwa na Serikali ili zihudumie watoto wote. Leo watoto wengi wa Kikatoliki wa Masasi na Newala wanasoma katika shule za umma. Paroko hawezi kupanga ratiba ya shule hizo, na sista hakai bwenini humo.

Lakini Kanisa bado limo ndani, kwa sababu walimu Wakatoliki wamo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umetufundisha kwamba walei wanauweka utume wao katikati ya malimwengu, na katika hati ya Gaudium et Spes, namba 61, Mtaguso uliitaja michezo miongoni mwa mambo yanayojenga utulivu wa moyo na undugu kati ya watu wa hali na mataifa mbalimbali. Mwalimu anayewafundisha wavu watoto wa dini zote, bila kumhubiria yeyote kwa nguvu na bila kumbagua yeyote, anafanya utume wake sawasawa na katekista wa kigango. Tofauti ni kwamba katekista tunamwombea kila Dominika, na mwalimu huyu hatumwombei kamwe.

Mamlaka ya kocha na usalama wa mtoto

Haitakuwa haki kumsifu kocha na kuinyamazia hatari. Kocha ana mamlaka makubwa. Ndiye anayechagua nani asafiri na nani abaki. Anakaa na watoto jioni, anasafiri nao, analala nao katika mabweni ya ugenini wakati wa mashindano. Mtoto anayetaka nafasi katika timu anaweza kunyamaza juu ya jambo ambalo asingelinyamazia kwa mtu mwingine. Kanisa limejifunza kwa machozi kwamba sifa njema ya mlezi si ulinzi wa kutosha. Ndiyo maana Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 7 Mei 2019, alitoa barua ya kisheria Vos estis lux mundi juu ya wajibu wa kutoa taarifa za unyanyasaji ndani ya Kanisa. Nchi yetu nayo inayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: hakuna timu ya wasichana inayopaswa kusafiri bila mwalimu wa kike au mama mlezi. Hakuna mazoezi ya mtu mmoja na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Kila mtoto ajue jina la mtu mzima mwingine, asiye kocha, ambaye anaweza kumwambia lolote. Kocha mwema hataona kwamba anashukiwa. Ataona kwamba analindwa, yeye na watoto wake.

Upo pia unyanyasaji wa kimya unaofanywa kwa nia njema. Ni ule wa kumtumia kijana mwenye kipaji mpaka goti lake linaharibika, kumwondoa darasani majuma mazima kwa ajili ya kombe, au kumtukana mbele ya wenzake alipokosea kuanzisha mpira. Kombe linalopatikana hivyo limelipiwa na mtoto. Mtume Paulo, katika sura ya 9 ya waraka uleule kwa Wakorintho, anasema juu ya wanariadha wa siku zake kwamba wao hujinyima kwa ajili ya taji linaloharibika. Kocha Mkristo anapaswa kujua daima ni taji lipi analowafundisha vijana kulitafuta.

Parokia inaweza kufanya nini

Hatupendi kuishia katika kulaumu. Yapo mambo ambayo parokia zetu za Masasi na Newala zinaweza kuyaanza mwezi huu bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, Halmashauri ya Walei iwatambue walimu wa michezo walio katika eneo la parokia, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, na kuwaalika siku moja waeleze wanachokihitaji. Huenda mahitaji yao ni madogo kuliko tunavyodhani: wavu, pampu, mipira miwili, maji ya kunywa baada ya mazoezi.

Pili, asiachwe mwalimu peke yake. Parokia nyingi zina vijana wa VIWAWA waliocheza wavu shuleni na sasa wako nyumbani. Hao waombe kibali cha mkuu wa shule, wawekwe chini ya utaratibu wa ulinzi wa mtoto tuliousema, wawe wasaidizi wa kocha. Mwalimu akihamishwa, atabaki kijana wa hapohapo anayejua majina ya wachezaji na mahali wavu ulipowekwa.

Tatu, liwekwe daftari. Liandikwe majina ya wachezaji wa kila mwaka, walikotoka na walikofika. Baada ya miaka kumi daftari hilo litaonesha jambo ambalo kikombe hakiwezi kulionesha: kwamba yule aliyekuwa akiinulia wenzake mipira sasa ni muuguzi, na mwingine ni mkulima mwaminifu katika chama chake cha ushirika, na mwingine ni mama anayewapeleka binti zake mazoezini. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli ya kazi ya kocha.

Nne, WAWATA na akina baba wazungumze nyumbani juu ya saa moja ya binti. Saa moja tu, mara tatu kwa juma, ambayo ndoo itabebwa na mwingine. Tunajua tunaomba jambo gumu. Lakini familia iliyoweza kumpa kijana wa kiume saa hiyo haiwezi kusema kwamba haipo.

Tano, viwanja vya parokia vifunguliwe. Viwanja vingi vya makanisa yetu hukaa vitupu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mtakatifu Yohane Bosco aliwakusanya vijana wa Torino katika uwanja wa michezo kabla ya kuwakusanya darasani, na aliwataka walezi wake wawe katikati ya vijana wakati wa kucheza, wasisimame pembeni kama askari. Nguzo mbili na kamba zinaweza kufungwa kati ya mwembe na mnara wa kengele.

Hitimisho

Mtume Paulo, mzee na mfungwa, alimwandikia Timotheo kwamba amevipiga vita vizuri, mwendo ameumaliza na imani ameilinda. Hakuhesabu idadi ya miji aliyoishinda. Alihesabu kwamba hakuondoka uwanjani kabla ya wakati. Bruda aliyekuja Iten kwa miezi mitatu ametuonesha maana ya kubaki. Huku kwetu wapo walimu ambao wangependa kubaki, na wengine watahamishwa wapende wasipende. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba wanapoondoka, wavu haushuki pamoja nao.

Basi jioni ya leo, ndugu msomaji, ukipita karibu na shule na kusikia filimbi na vicheko vya vijana, usipite moja kwa moja. Simama, msalimie mwalimu kwa jina lake, umuulize timu inaendeleaje. Kama hulijui jina lake, anza hapo.